Kuwaingiza Kuku Wachanga katika Kundi la Kuku Wakubwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafugaji wa kuku huko Kigongo, kando ya Ziwa



Nimeombwa ninene nanyi habari za kuku. Najua wapo watakaosema kwamba kuku si jambo la kuwakutanisha wazee. Katika Usukuma ng'ombe ndiye mwenye heshima, na kuku ni mambo ya jikoni. Lakini hebu kila mmoja ajiulize: shule ilipofunguliwa na mtoto akatakiwa daftari na sare, ni nini kilichouzwa kwanza? Mgeni alipoingia jioni bila kutazamiwa, alichinjiwa nini? Ng'ombe ni mali ya baba, wala hauzwi ila kwa shauri. Kuku aghalabu ni mali ya mama, naye humwuza siku ile ile yenye haja. Basi mama akipotewa na kuku kumi kwa juma moja, nyumba nzima imepungukiwa, ingawa zizini hapana kilichopungua.

Na hasara hiyo mara nyingi huanza siku mtu anaponunua kuku wachanga na kuwachanganya na wale alio nao. Huwaleta jioni katika tenga, akawafungulia uani, akawatupia pumba, akasema, "Haya, sasa mmekuwa ndugu." Baada ya siku chache wachanga wengine wana vidonda vichwani, wengine wamejikunyata pembeni hawali, na baada ya majuma mawili pengine hata wakubwa wameanza kufa. Ndipo yanapotoka maneno. Huyu husema kuku wa kisasa ni wanyonge. Yule humtazama jirani kwa jicho baya. Lakini ukichunguza utaona kwamba siku ile yalitendeka mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa: ugonjwa uliingia, na vita ya cheo ikaanza. Dawa ya jambo moja haiponyi la pili. Kila moja lataka muda wake, na mtu mwenye haraka huyapa yote mawili usiku mmoja.

Hapa Kigongo jambo la ugonjwa lina uzito kuliko zamani. Nyote mwakumbuka jinsi magari yalivyokuwa yakipanga safu yakingoja kivuko cha kwenda Busisi, na abiria wakashuka kununua samaki na mayai ya kuchemsha. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa daraja lenye urefu wa kilometa 3 juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, gari hupita kwa dakika chache bila kusimama. Ni neema kubwa. Mgonjwa atokaye Sengerema hangoji tena kivuko usiku. Walakini njia iliyo nyepesi kwa watu ni nyepesi kwa kuku pia. Kuku aliyekuwa mnadani ng'ambo asubuhi aweza kulala bandani mwako jioni, amekuja katika tenga juu ya pikipiki pamoja na kuku wa nyumba nyingine saba; na ugonjwa alio nao haulipi nauli.

Ugonjwa wa kuogopwa kupita yote ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wataalamu waliutambua mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na karibu na mji wa Newcastle huko Uingereza, ndiyo maana Wazungu wakaupa jina la mji ule. Kuku mwenye mdondo hukoroma, huhara kinyesi cha kijani, hulegeza mbawa, na pengine shingo humpinda. Nao ukiingia katika kundi lisilochanjwa waweza kuua karibu kuku wote. Tangu kuku kuambukizwa mpaka dalili kuonekana zaweza kupita siku 2 tu, au 5 au 6, na pengine hata 15. Fikirini maana ya hesabu hiyo. Kuku uliyemnunua Jumamosi, mwenye macho maangavu, anayekula na kuparura, aweza kuwa amekwisha kubeba kifo cha kundi lako, nawe usijue mpaka Jumamosi ya pili yake.

Kwa sababu hiyo kuku mgeni na akae peke yake kwa majuma 3 kwa uchache. Majuma 4 ni bora. Kukaa peke yake maana yake si kuwekwa upande wa pili wa ukuta wa fito. Awe mwisho wa kiwanja, mahali ambapo upepo haupeperushi vumbi lake kuelekea kwa wengine, tena awe na chombo chake cha maji na chake cha chakula. Wahudumieni kwanza wale wenyeji, kisha wageni, halafu mnawe mikono na kuosha viatu au miguu. Mtoto aliyekanyaga kinyesi cha wageni na kukimbilia banda la wenyeji ameivunja karantini yote kwa hatua kumi.

Katika siku hizo mtazameni mgeni kwa makini. Tazameni kinyesi chake. Inueni mbawa mtafute utitiri, na kuzunguka macho na upanga wa kichwani mtafute wale viroboto weusi wanaoshikamana kama mbegu za mtama. Msipowaondoa watahamia kwa kundi zima. Sikilizeni usiku, watu wakiisha kunyamaza, kama kuna akoromaye au apigaye chafya. Kuku aliyepatwa na mafua makali akapona aweza kubaki na ugonjwa ndani yake na kuwapa wengine, naye mwenyewe ameonekana mzima. Mwuzaji akikuambia, "Huyu aliugua kidogo lakini amekwisha pona," mwachie kuku wake.

Wengi hudhani mgeni ndiye mwenye kuleta maradhi siku zote. Sivyo. Mara nyingi wenyeji ndio wawauao wageni. Kuku mkubwa aliyezaliwa katika ua huu amekwisha kuonja vijidudu vya kuhara damu tangu udogo wake, akapata kinga. Lakini huvitoa katika kinyesi chake, navyo hukaa katika udongo wenye unyevu. Faranga wa mwezi mmoja aliyekuzwa mahali safi juu ya maranda makavu akitupwa ghafula katika banda bichi la masika, atavila vijidudu hivyo kwa wingi siku moja, na baada ya juma moja atahara damu. Hapo banda ndilo la kulaumiwa. Basi kabla ya kumwingiza, zoeni samadi yote, mwageni majivu au maranda makavu, tobo la paa lizibwe, na chombo cha maji kiinuliwe juu ya jiwe ili maji yasimwagike sakafuni.

Chanjo ya mdondo ipo, na hutengenezwa hapa hapa nchini. Ile inayotumiwa sana vijijini ni ya matone. Tone moja hutiwa katika jicho moja la kuku, mkubwa kwa mdogo, nayo hurudiwa kila miezi 3. Yastahimili joto kuliko chanjo za zamani, lakini isiachwe juani. Jueni mambo mawili. Kwanza, chanjo hukinga, haiponyi; kumchanja kuku aliyekwisha kuugua ni kupoteza fedha. Pili, kinga hujengeka kwa muda wa majuma 2 hivi, kwa hiyo wachanga wachanjwe mapema katika siku za kukaa peke yao, na wenyeji wachanjwe siku hiyo hiyo. Chupa moja yatosha kuku wengi kuliko alio nao mtu mmoja, nayo ikiisha kufunguliwa na kuchanganywa haiwekwi akiba. Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa vitongoji waite watu kwa siku moja, kuku wafungiwe mpaka wote wamechanjwa, na gharama igawanywe. Walimu nao waweza kusaidia: tarehe ya chanjo iandikwe ubaoni shuleni, na watoto waambiwe waipeleke nyumbani. Tarehe iliyokaa kichwani mwa mtu mmoja husahauliwa wakati wa mavuno.

Sasa nije kwenye vita ya cheo.

Kuku wana serikali yao. Mtu wa Norwei, jina lake Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye tangu utoto wake alipenda kuwatazama kuku na kuandika nani amdonoa nani, alitoa maandishi mwaka 1922 akaeleza jambo ambalo mama zetu waliliona kila asubuhi bila kuliandika. Katika kundi yupo mmoja awadonoaye wote, naye hadonolewi; yupo wa pili awadonoaye wote ila yule wa kwanza; na hivyo hivyo kushuka mpaka yule wa mwisho, maskini, ambaye hudonolewa na wote na hana wa kumdonoa. Kila kuku aijua sura ya mwenzake na cheo chake. Ndiyo sababu kundi lililozoeana hula kwa amani. Mkubwa akiinua shingo tu, mdogo huondoka. Mgeni akiingia hana cheo, hapana amjuaye, na kila mmoja ataka kumwonyesha mahali pake. Hata yule wa mwisho aliyeonewa mwaka mzima aweza kuwa mkali kuliko wote siku hiyo, kwa kuwa amepata wa chini yake.

Vita hii haizuiliki. Ukiwatenga wataianza upya siku ya kukutana. Kazi ya mfugaji ni kuifanya iwe fupi na isiwe ya damu, na njia iliyo bora ni kuwaacha waonane muda mrefu kabla hawajagusana.

Hapa ufukoni tunayo mali ambayo wafugaji wa mbali na maji hawana, nayo ni nyavu kuukuu. Siku za kukaa peke yao zikiisha salama, jengeni kizimba cha wachanga ndani ya ua wenyewe, kando ya mahali wanapolia wakubwa, na ukuta wake uwe wa wavu. Wavu wa sangara haufai, kwa maana matundu yake ni mapana. Faranga hutia kichwa akanaswa. Wavu wa dagaa ndio ufaao, ukunjwe mara mbili, uvutwe juu ya mambo mpaka ukakamae, kwa sababu ukilegea kuku hunaswa vidole. Funikeni na juu pia kwa ajili ya mwewe. Usiku wachanga walazwe mahali penye kufungwa barabara. Wavu humzuia kuku, haumzuii kicheche wala kenge.

Wakae hivyo siku 10 mpaka 14. Siku za kwanza wakubwa watapiga mbio kuuendea wavu, watainua manyoya ya shingo, watadonoa hewa. Baada ya juma moja utaona wamechoka nao. Mmoja atalala mchangani karibu na wavu, na faranga atalala upande wa pili, mgongo kwa mgongo. Hiyo ndiyo alama ninayoingojea mimi kuliko kuhesabu siku.

Kuhusu ukubwa, watu huniuliza miezi. Kipimo kilicho bora ni mwili: faranga asifunguliwe kabla hajafikia theluthi mbili za mwili wa tembe. Wa kienyeji hufikia hapo akiwa na miezi 3 au 4. Hawa chotara, Kuroiler waliotokea Bara Hindi na Sasso waliotokea Ufaransa, hukua upesi zaidi. Wakipatikana wakiwa wa mwezi mmoja, kama desturi ya wauzaji wengi, basi ukihesabu majuma 4 ya peke yao na majuma 2 ya nyuma ya wavu, siku ya kufunguliwa watakuwa na majuma 10 hivi, na mara nyingi mwili wao utatosha. Lakini mwili huo usiwadanganye. Chotara wa majuma 10 ni mzito kama mtu mzima na mwoga kama mtoto.

Siku ya kuwafungua ichaguliwe siku ambayo mtu yuko nyumbani. Wafunguliwe wote pamoja. Mmoja akiingizwa peke yake atabeba madonoo ya kundi zima, bali wakiwa 6 au 8 madonoo hugawanyika. Iwe saa kumi jioni, kuku wote wakiwa nje na matumbo yamejaa, katika ua mpana. Chakula kimwagwe mahali pawili au patatu palipo mbalimbali. Inamisheni matenga mabovu na kuegemeza ubao ukutani, ili anayefukuzwa apate pa kujificha na asionekane. Kukimbia ndiyo njia ya mdogo ya kukubali cheo chake. Akikosa pa kukimbilia, mkubwa hudhani amekataa, na hapo ndipo damu hutoka.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kuwatia wageni bandani usiku wa manane, ili wenyeji waamke asubuhi wadhani walikuwapo siku zote. Mimi siisifu njia hiyo ikitumiwa peke yake. Kuku si mjinga wa sura. Kukipambazuka atamwona mgeni, na vita itaanza ndani ya banda finyu lenye mlango uliofungwa, mwenye nyumba angali kalala. Kuwalaza pamoja ni kwema baada ya kukutana nje siku kadhaa. Na hata hapo vichanja vya kulalia vitosheleze wote, kila kuku apate sentimeta 20 za fito kwa uchache, na pawe na fito mbili zilizo sawa kwa kimo, maana fito ya juu ndiyo kiti cha mtemi. Asubuhi mlango ufunguliwe mapema.

Madonoo madogo yasiwatie hofu. Kuvutwa manyoya, kufukuzwa hatua chache, kunyang'anywa mdudu, hayo ni mambo ya juma la kwanza. Likitoka tone la damu, mtoeni aliyejeruhiwa saa ile ile, kwa kuwa kuku hufuata wekundu na hawataacha mpaka wamemwua. Osheni kidonda kwa maji ya chumvi, arudi nyuma ya wavu pamoja na mwenzake mmoja ili asiwe mgeni tena. Na kama yupo tembe mmoja asiyechoka kuonea, mwondoeni yeye, mkamfungie mahali asipoliona kundi kwa siku 4 au 5. Akirudi atakuta wadogo wamekwisha kuzoea ua, na yeye sasa ndiye wa kutazamwa. Watu wengi humfungia mwonewa na kumwacha mwonevu akitembea. Nimewahi kuona desturi hiyo kwa wanadamu pia.

Majogoo ni habari nyingine. Mapora walio katika kundi la wachanga watafutwe mapema, na wauzwe au waliwe kabla hawajaanza kuwika, ila mmoja mwema mkitaka kubadili damu. Jogoo mmoja hutosha tembe 8 mpaka 10. Jogoo mzito asipewe mitetea midogo ambayo haijakomaa, huwachana migongo kwa vikwaru vyake. Na mwenye kuku wa kuchi, wale warefu wenye shingo tupu tupu na moyo wa vita, asijaribu kuwaweka majogoo wawili katika ua mmoja kwa dawa yoyote niliyoitaja hapa.

Chakula nacho chaleta shida ambayo wengi hawaioni. Kile cha kuku wa mayai kiuzwacho dukani kina chokaa nyingi, nayo huwadhuru figo wachanga wasiotaga bado. Makundi yakiisha kuwa moja, wapeni wote chakula cha wale wanaokua, na chokaa ya watagaji iwekwe mbali katika chombo chake: maganda ya kombe na konokono yaokotwayo ufukoni, yakapondwa. Tembe ajua haja yake, atayafuata mwenyewe. Tena wachanga wanahitaji dagaa kuliko wakubwa, na wakubwa huwanyang'anya. Basi kizimba cha wavu kisibomolewe bado. Toeni kipande cha ukuta, mkasimamishe fito zilizoachana kiasi cha faranga kupita na tembe kushindwa, na ndani mweke dagaa waliopondwa na pumba. Wadogo watajua mlango wao kwa siku moja.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujakaa, kwa nini koo wa kienyeji huwatembeza vifaranga wake katikati ya kundi tangu wana siku 3, wala hapana awagusaye. Ni kwa sababu yeye mwenyewe ana cheo, na vifaranga hukaa ndani ya cheo chake. Anapowaacha, baada ya miezi 2 au 3, wamekwisha kuwajua wote na wote wamewajua. Njia hii yapita zote nilizozisema, na mwenye koo aatamiaye aweza kuitumia kwa vifaranga vya kununua. Vinunuliwe vikiwa vya siku 1 au 2, kutoka mahali panapoaminika. Usiku, gizani, mayai yatolewe chini ya koo na vifaranga viwekwe mahali pake kimoja kimoja, visizidi 10 au 12. Asubuhi mapema mtu akatazame. Koo akivikataa na kuvidonoa viondolewe, akiita kwa sauti ile ya "kok, kok" na kuvionyesha chakula, kazi imekwisha. Lakini koo na vifaranga hivyo watengwe na kundi kwa majuma yale yale 3 au 4, maana upendo wa mama haukingi mdondo.

Wachanga wakiisha kulala fito moja na wakubwa juma zima bila kelele, fungueni wavu, uoshwe kwa maji ya sabuni, uanikwe juani siku 2, ukunjwe na kutundikwa darini mbali na panya. Utahitajiwa tena kwa kundi lijalo.